Ubao Juu ya Mlango

Ubao wa vidole umefungwa juu ya mlango wa jiko,
skrubu nane, moja imepinda.
Gorazd ndiye aliyeufunga, mwezi wa tisa,
siku nilipokuwa simba.
Siku hiyo niliandika ratiba kwa wino mwekundu
nikaibandika kwenye friji:
Jumatatu kuning'inia, Jumatano tumbo na miguu,
Ijumaa ukumbini, Jumapili mwambani Osp.
Nikaapa. Nikanunua chaki kilo nzima.

Sasa ni Novemba. Ukungu umeimeza Ljubljana,
hata ngome ya kilimani siioni,
na simba hulala saa mbili usiku, soksi miguuni.
Chaki haijafunguliwa.
Ratiba imepata doa la supu ya kabichi
pale pale palipoandikwa Jumatano.

Hamu ni mpangaji asiyelipa kodi.
Hugonga usiku wa manane, kajaa maneno:
Kesho! Kesho alfajiri, kabla ya kazi!
Nami namfungulia, namtandikia,
namsikiliza mpaka macho yanawasha.
Kukicha, kitanda kitupu,
na viatu vyangu kaondoka navyo.

Nafanya kazi posta.
Vidole vyangu vinaujua uzito wa barua bila mizani,
ila vimesahau ukingo mwembamba wa jiwe.
Ngozi imelainika. Sugu ya kidole cha pete,
niliyoilea kama mboni ya jicho,
ilibanduka bafuni wiki iliyopita.
Niliitazama ikizunguka, ikizunguka, ikaenda zake.

Wahenga walisema kupanda mchongoma,
kushuka ndio ngoma.
Hawakuijua kamba.
Mimi kushuka hushushwa,
nimekaa kwenye mshipi kama mtoto mbelekoni,
Gorazd akilegeza taratibu huku akipiga mluzi.
Ngoma yangu iko hapa, kutoka kitini hadi mlangoni:
hatua sita,
na hakuna pa kushika.

Kuna njia moja kule Osp, mita ishirini na tatu,
jiwe la kijivu lenye michirizi ya kutu.
Sisi twaiita Shemeji,
kwa kuwa hukuchekea chini, juu ikakutupa.
Karibu na kilele pana tundu la vidole viwili.
Mguu wa kushoto juu, pumzi, kisha unaruka.
Nimeanguka hapo mara kumi na nne.
Mara ya kumi na nne niligusa.
Niligusa, jamani!
Vidole viliusikia ubaridi wa ukingo
kabla hewa haijanichukua.

Mama huuliza: Zarja, una miaka arobaini na miwili,
huo mwamba unakudai nini?
Sina jibu la adabu.
Siku za hamu, swali lake ni upuuzi.
Siku nyingine ni swali zuri sana,
nalibeba kazini, nalila na mkate.

Jana Gorazd ameniandikia:
Jumapili kule chini kutakuwa na jua. Unakuja?
Nikaandika ndiyo. Nikafuta.
Nikaandika goti linauma.
Nikafuta, maana goti haliumi.
Simu nikailaza kifudifudi.

Leo jioni nilikuwa nasubiri birika lichemke.
Sikuwa na hamu, hata chembe,
yule mpangaji alikuwa anakokujua mwenyewe.
Niliinua mikono tu, kama mtu anayepiga mwayo,
na ubao ulikuwepo.

Sekunde saba.
Skrubu iliyopinda ikalia kii.
Mabega yakanung'unika
kama foleni ya posta siku ya pensheni.
Nikashuka. Nikamimina chai.
Kwenye mkono wa kikombe pakabaki vumbi la mbao.

Ratiba sikuigusa.
Gorazd sijamjibu.
Nimeteleka birika la pili,
wala sina kiu.